Tisa ya nini? Namba za anketi na maana yake

Maneno haya yalitolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Baraka. Wengi waliomba tuyaandike, wakiwemo wale waliokaa nyuma ambao hawakusikia vizuri kwa sababu ya mvua iliyokuwa inapiga juu ya mabati. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.



Kamati imetupa nusu saa tueleze namna tunavyofanya hesabu za anketi. Tunajua neno statistiki linafukuza watu. Tumeshaona wawili wametoka kwenda kununua karanga. Lakini tunaomba mvumilie, kwani hizi hesabu ndizo zinazoamua nani anapata na nani anakosa. Na kabla ya kufundisha kitu chochote, tunataka kuanza na kosa letu sisi wenyewe.

Msimu wa mvua uliopita chama kilipata mabati. Mnakumbuka hayakutosha watu wote walioandikwa. Kamati ikasema: wapewe kwanza wale wenye shida kuliko wengine. Sisi watu wa tereni tukatengeneza fishi yenye maswali manne, na kila jibu tukalipa kode, yaani namba ndogo ya kuandika haraka.

Swali la kwanza, hali ya ndoa: 1 ana mume au mke, 2 ni mjane, 3 ameachana, 4 hajaoa au hajaolewa. Swali la pili, makao: 1 nyumba yake mwenyewe, 2 kwa ndugu, 3 amepanga, 4 anakaa chini ya turubai. Swali la tatu, paa: 1 halivuji, 2 linavuja kidogo, 3 linavuja sana. Swali la nne, watu wanaolala nyumbani: 1 ni kuanzia mtu mmoja hadi watatu, 2 ni wanne hadi sita, 3 ni saba kwenda juu.

Halafu tukaingiza zote kwenye kompyuta, tukajumlisha, tukasema: anayepata kumi au zaidi anaingia kwenye orodha.

Sasa angalieni kilichotokea. Kijana mmoja hajaoa, tukampa 4. Amepanga chumba, 3. Paa la chumba linavuja kidogo, 2. Anaishi peke yake, 1. Jumla 10. Akaingia. Mama mmoja ni mjane, 2. Anakaa kwenye nyumba yake ya nyasi aliyoijenga tangu arudi kutoka kambini, 1. Paa linavuja sana, 3. Wako watu wanane ndani, 3. Jumla 9. Akatoka.

Kijana hana kosa, alijibu alivyoulizwa. Mabati yake yakaenda juu ya nyumba ya mtu aliyempangisha. Na yule mama akaja pale biro, akasimama mlangoni, akatuambia: "Nimesikia mimi ni tisa. Tisa ya nini? Ni watoto tisa? Ni mabati tisa? Mimi niko na watoto saba na mvua."

Tulikaa kimya. Sisi tuliosoma hizi hesabu chuo kikuu, tukafanya mtihani na tukapita, hatukuwa na jibu. Kwa sababu ile tisa haikuwa ya kitu chochote. Tulijumlisha ujane na upangaji na nyasi, tukapata namba, na namba ikatuongoza.

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, limepangwa vizuri kabisa. Tulichokosa ni kujiuliza kila namba ndani ya daftari ni namba ya aina gani. Hilo ndilo somo la leo.

Namba si za aina moja

Watu wengine walishabishana juu ya jambo hili kabla yetu. Mwaka 1932 wanasayansi wa Uingereza waliunda kamati ya kuchunguza kama mtu anaweza kupima hisia, kwa mfano namna sikio linavyosikia sauti kuwa kubwa au ndogo. Walitoa ripoti ya mwisho mwaka 1940, na ubishi ukabaki palepale. Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika makala katika jarida la Science. Alisema hivi, kwa ufupi: kupima ni kuweka namba juu ya vitu kwa kufuata kanuni. Kanuni zikiwa tofauti, vipimo navyo vinakuwa tofauti, na kila kipimo kina hesabu zake kinazoruhusu. Akapanga ngazi nne. Tuzipande moja moja.

Ngazi ya kwanza ni ya majina. Hapa namba ni jina tu. Tulipokuwa kambini, Lugufu au Nyarugusu, kila familia ilikuwa na namba kwenye kadi ya posho. Je, mwenye namba kubwa alikuwa na njaa kuliko mwenye namba ndogo? Hapana. Vijana wetu wa mpira wanavaa jezi: mwenye namba 10 mgongoni si wachezaji wawili wa namba 5. Namba ya simu yako ni ndefu, lakini hakuna anayekuita tajiri juu ya hiyo.

Hali ya ndoa iko kwenye ngazi hii. Kijiji ulichotoka, lugha ya nyumbani, kazi unayofanya, zote ziko hapa. Tungeweza kuandika mjane 4 na asiyeoa 2, hakuna kitu kingeharibika, kwani namba hizo ni vibandiko. Unaruhusiwa kufanya nini nazo? Kuhesabu. Wajane ni wangapi, wapangaji ni wangapi, kundi gani lina watu wengi kuliko mengine, ni asilimia ngapi ya wote. Basi. Ukisikia mtu anasema "wastani wa hali ya ndoa katika kartie yetu ni 2.4", mwambie arudi nyumbani akapumzike.

Ngazi ya pili ni ya mpangilio. Hapa namba inasema nani yuko mbele na nani yuko nyuma, lakini haisemi umbali kati yao. Mashua tatu zikifika hapa bandarini, ya kwanza, ya pili na ya tatu, tunajua zilivyofuatana. Hatujui kama ya pili ilifika dakika moja nyuma ya ya kwanza au ilifika kesho yake. Ile fishi yetu ya paa ni ya ngazi hii: halivuji, linavuja kidogo, linavuja sana. Vilevile ukimuuliza mtu: umeridhika sana, umeridhika, wastani, hukuridhika, hukuridhika kabisa.

Hapa ndipo watu wengi wanateleza, sisi tukiwa wa kwanza. Kwa sababu tumeandika 1, 2, 3, macho yanadhani kutoka 1 hadi 2 ni sawa na kutoka 2 hadi 3. Nani alisema? Kuvuja kidogo unaweka sufuria kwenye kona unalala. Kuvuja sana unasimama usiku mzima umebeba mtoto. Hiyo hatua ya pili si hatua moja, ni safari.

Tufanye jaribio dogo. Avenyu ya kwanza ina nyumba mbili: moja haivuji, moja inavuja sana. Kode zake 1 na 3, wastani 2. Avenyu ya pili ina nyumba mbili zote zinavuja kidogo. Kode 2 na 2, wastani 2. Kompyuta inasema avenyu hizi ziko sawa. Sasa tubadilishe kode: badala ya 3 tuandike 10 kwa nyumba inayovuja sana. Mpangilio haukubadilika, kumi bado ni kubwa kuliko mbili. Lakini avenyu ya kwanza sasa ina wastani wa 5.5 na ya pili imebaki 2. Mvua ni ileile, nyasi ni zilezile. Kilichobadilika ni kalamu yetu tu. Hesabu inayobadilika juu ya kalamu ya mwandishi haifai kugawia watu mabati.

Basi kwa ngazi ya mpangilio tufanye nini? Tuhesabu ni wangapi katika kila daraja. Na tukitaka namba moja ya kusimama badala ya wote, tuchukue ya katikati: tunawapanga watu mstari, kuanzia aliye chini hadi aliye juu, halafu tunamwangalia anayesimama katikati. Yeye habadiliki hata ukiandika 10 mahali pa 3.

Saa ya Baraka na saa ya Kigoma

Ngazi ya tatu ni ya nafasi sawa. Hapa umbali kati ya namba na namba ni sawa kweli, lakini sifuri yake imewekwa na watu. Ngazi hii wengi waliona ngumu, mpaka tulipoikumbuka saa.

Sisi Waswahili tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa ya ofisi inaanza usiku wa manane. Mkutano wetu wa leo tuliuandika kuanza saa mbili hadi saa tano. Kwenye barua kwa wafadhili tuliandika 8 hadi 11. Kwa saa yoyote ile mkutano ni masaa matatu. Tofauti haikubadilika, unaweza kuijumlisha na kuitoa bila wasiwasi. Lakini je, saa nne ni mara mbili ya saa mbili? Ukisema ndiyo, basi kwa saa ya ofisi 10 ingekuwa mara mbili ya 8. Haiwezekani. Na wote waliovuka ziwa hili wanajua: hapa kwetu ikiwa saa mbili, Kigoma ni saa tatu. Hakuna aliyeibiwa saa moja ndani ya mashua. Ni pa kuanzia tu palipotofautiana.

Miaka ya kalenda ni hivyohivyo. Aliyerudi mwaka 2005, safari za HCR kutoka Tanzania zilipoanza, na aliyerudi mwaka 2010 wameachana miaka mitano. Hiyo ni kweli. Lakini kugawanya 2010 kwa 2005 hakuna maana yoyote. Joto pia: friji ya chanjo pale kituo cha afya inatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Nyuzi 8 si joto mara nne ya nyuzi 2, kwani sifuri ya Selsiasi haimaanishi kwamba hakuna joto. Ni pale maji yanapoganda tu.

Ngazi ya nne ni ya uwiano. Hapa nafasi ziko sawa, na sifuri ni sifuri ya kweli: kitu hakipo. Sifuri ya mfukoni kila mtu hapa anaijua, haihitaji mwalimu. Mwenye franka 4000 ana mara mbili ya mwenye franka 2000, na ukizibadilisha zote kuwa dola kwa bei moja, bado ni mara mbili. Kilo za muhogo, mita za shamba, idadi ya watoto, miaka ambayo mtu amekaa tangu arudi, siku ambazo nyumba ililala bila kula: vyote viko hapa. Unajumlisha, unatoa, unazidisha, unagawanya, unatafuta wastani. Sanduku letu la kusaidiana linawezekana juu ya hiyo. Michango yetu ni namba za ngazi ya nne, na ndiyo maana mweka hazina anaweza kutusomea jumla na sote tukamwelewa.

Tahadhari moja tu: kipimo kiwe kimoja. Mama zetu sokoni wanajua bakuli la huyu si bakuli la yule, lingine limepigwa chini likaingia ndani. Ukijumlisha bakuli kumi za wauzaji kumi, umejumlisha majina. Pima kwa kilo.

Kanda ya mkono

Hapa mwalimu mmoja aliuliza: kama ni hivyo, si tuchague ngazi yoyote na kuendelea? Tukamjibu kwa kitu ambacho mama wote wanakifahamu, ile kanda ya rangi wanayomfunga mtoto mkononi.

Kanda ile inapima mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kwa milimita. Hiyo ni ngazi ya nne, namba kamili. Halafu namba inageuzwa kuwa rangi. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 115 na chini ya 125 ni njano, utapiamlo wa kati. 125 kwenda juu ni kijani. Rangi ni ngazi ya pili, ya mpangilio. Na ni nzuri, kwani inamsaidia mhudumu kuamua haraka bila kusoma vitabu.

Lakini tazameni kinachopotea. Mtoto wa 124 na mtoto wa 116 wote wanaandikwa njano. Mmoja amebakisha milimita moja tu afike kijani, mwingine anakaribia kuingia nyekundu. Wiki ijayo yule wa 124 akishuka hadi 117, ukiwa umeandika rangi peke yake, daftari litasema: njano, njano, hakuna mabadiliko. Ukiwa umeandika milimita, utashtuka mapema.

Ndiyo kanuni yetu ya pili leo. Kutoka ngazi ya juu unaweza kushuka wakati wowote. Kutoka ngazi ya chini huwezi kupanda tena. Kwenye ile fishi tuliandika "saba kwenda juu". Leo tukitaka kujua kama ile nyumba ilikuwa na watu saba au kumi na wawili, hatuwezi, lazima turudi kupiga hodi. Kama tungeandika namba yenyewe, makundi tungeyapanga baadaye tukiwa tumekaa.

Alama ya chakula

Sasa tuongee juu ya hesabu nyingine mnayoulizwa mara nyingi: "Siku saba zilizopita mlikula nini nyumbani, siku ngapi?" Hiyo ni njia ya PAM. Wengi mnadhani ni umbea. Si umbea. Kila aina ya chakula ina uzito wake. Ugali, muhogo, wali na wenzake ni 2. Maharage na karanga ni 3. Mboga 1, matunda 1. Nyama na samaki 4. Maziwa 4. Sukari nusu, mafuta nusu. Unazidisha siku kwa uzito, unajumlisha. Juu kabisa ni 112.

Tuchukue nyumba ya mfano. Ugali siku 7, ni 14. Sombe siku 7, ni 7. Mafuta ya mawese siku 7, ni 3.5. Dagaa siku 2, ni 8. Maharage siku 1, ni 3. Jumla 35.5.

Je, nyumba hii inakula vizuri? Kanuni ya kawaida inasema: mpaka 21 ni hali mbaya, juu ya 21 hadi 35 ni mpakani, zaidi ya 35 inakubalika. Basi nyumba yetu imepita, kwa nusu alama. Lakini mahali ambapo watu wanakula mafuta na sukari karibu kila siku, mipaka inapandishwa kuwa 28 na 42. Kwa mipaka hiyo nyumba ileile iko mpakani. Na mtakubali kwamba hapa kwetu mawese hayakosekani kwenye sombe.

Tunasema hivi si kwa kuidharau njia hiyo. Inasaidia, na ni rahisi kuliko kupima kila sahani. Tunasema ili mjue ni namba ya aina gani. Siku ni ngazi ya nne, unaweza kuzihesabu. Uzito wa 4 kwa samaki na 2 kwa ugali umepangwa na watu kwa kufikiria lishe, na mipaka pia imepangwa na watu. Kwa hiyo nyumba yenye 70 si kwamba inakula mara mbili ya yenye 35. Tuitumie kupanga makundi na kufuatilia kama hali inapanda au inashuka. Tusiitumie kumnyima mtu juu ya nusu alama bila kuingia ndani kuangalia chungu.

Yule mwalimu hakutuachia. Akauliza tena: mbona shuleni tunatoa wastani wa maksi, na maksi si kilo? Swali zuri. Hata wataalamu hawajakubaliana wote. Wako wanaosema sheria ya ngazi isishikwe kama amri, na kwamba kujumlisha madaraja mengi kunaweza kusaidia ukijua unachofanya. Sisi hatukatazi. Tunachosema ni kwamba anayejumlisha aweze kusimama mbele ya mama yule na kumjibu: tisa ya nini.

Kwa wafadhili wetu

Kuna fomu za ripoti zinazotuomba "wastani wa kuridhika" kwa kila mgao. Tumezijaza miaka yote. Tuseme ukweli namna zinavyodanganya bila mtu kukusudia. Fikirieni kartie mbili, kila moja watu kumi. Kwenye ya kwanza wote kumi wanasema 3, wastani. Kwenye ya pili watano wanasema 5, wameridhika sana, na watano wanasema 1, hawakuridhika kabisa. Ripoti inaandika 3 kwa zote mbili. Mnasoma kule mbali mnaona utulivu. Hapa kwenye kartie ya pili nusu ya watu hawasalimiani, kwa sababu waliopata walipata na waliokosa walikosa.

Tunaomba ruhusa ya kuwaandikia kwa namna nyingine: watu wangapi walisema nini, kila daraja na idadi yake. Ripoti itakuwa na mistari mitano badala ya namba moja. Tunaamini mtaisoma.

Tunachobadilisha

Kuanzia anketi ijayo, kama mkutano huu utakubali, fishi yetu itakuwa hivi.

Kwanza, kode za majina zitakuwa herufi. Mjane ataandikwa MJ, mpangaji ataandikwa PG. Herufi haijumlishiki, hata mtu akichoka saa za jioni.

Pili, kila kitu kinachohesabika tutakiandika kwa namba yake yenyewe: watu wangapi wamelala jana usiku, watoto wangapi chini ya miaka mitano, mwaka gani mlirudi, vyumba vingapi vinavuja. Makundi baadaye.

Tatu, orodha haitapangwa kwa jumla. Itapangwa kwa maswali yanayofuatana. Kwa mabati swali la kwanza ni: nyumba ni yako? Wapangaji tutawatafutia msaada wao, kwani wana shida kweli, lakini si shida ya mabati. La pili: paa linavuja sana? La tatu: watu wangapi wako chini yake? Mtu yeyote ataweza kufuata kwa kidole aone alipo na kwa nini.

Nne, kabla ya kugawa, orodha itasomwa kwa sauti kwenye kila kartie, pamoja na sababu. Namba ambayo haiwezi kuelezwa mbele ya watu itarudi biro.

Na nyinyi wanachama tunawaomba kitu kimoja. Anketa akikuuliza watu wangapi, mwambie idadi ya kweli. Tunajua kambini tulijifunza kuongeza, tukiogopa posho kupunguzwa. Hatulaumu. Lakini sanduku hili ni letu wenyewe, na mtu hewa akiandikwa kwako, bati lake linatoka juu ya kichwa cha jirani.

Mnauliza yule mama aliishia wapi. Mabati yalikuwa yameshagawiwa siku alipokuja, na hatukuweza kumvua kijana kitu tulichompa sisi. Mama alimaliza msimu ule chini ya nyasi zilezile, na turubai ambalo majirani walimchangia. Jina lake liko juu ya orodha inayofuata, na safari hii hakuna tisa pembeni yake. Pameandikwa: nyumba yake, inavuja vyumba vyote viwili, watu wanane. Mabati bado hayajafika.

Tumesema ya kwetu. Kamati sasa iwaulize kama mnaikubali fishi mpya, na tunaomba mnyanyue mikono ili tuihesabu mmoja mmoja.